Laini Mkononi, Ngumu Kwenye Mashine

Nimeletewa tena marobota ya nailoni, yaani mifuko ya polithini, na agizo juu yake: "Fundi, hii laini ipitishe kwanza, zile ngumu zitakuchelewesha." Jamani! Ulaini wa mkononi mashine ya kusaga plastiki haiujui.

Mashine inataka kitu kinachovunjika. Polistirini, ile ya makasha ya CD, inapasuka papo hapo kwa sababu hailegei mpaka ifike karibu nyuzi 100. Polithini ni kinyume chake: kuikakamaza hivyo ni mpaka uishushe chini ya nyuzi 100 hasi. Kwa hiyo nailoni haipasuki, inavutika. Inajiviringisha kwenye shafti, inajipenyeza kati ya kisu kinachozunguka na kile kilichofungwa, inasuguliwa badala ya kukatwa. Msuguano ni joto, na polithini ya mifuko inayeyuka kwenye nyuzi 110 hivi. Unafungua, unakuta chekeche limezibwa na donge linalong'aa, halafu mtu anakwambia visu vimekufa. Visu butu vipo, sikatai. Noa, rekebisha nafasi, endelea.

Wengine hushauri kuongeza kasi. Hapo pana utata. Ukiipiga plastiki kwa kasi, molekuli hazipati muda wa kujinyoosha, basi inavunjika kikavu. Lakini kasi hiyohiyo inapasha chumba cha visu joto, na plastiki ikipata joto inaanza tena kunyumbuka. Kipi kitashinda? Kwenye karatasi swali hili lina jibu; kwangu jibu hubadilika kwa unene wa mali, matundu ya chekeche na mkono wa anayelisha, ndiyo maana hujaribu ndoo moja kwanza. Wanaotaka unga laini kabisa huigandisha plastiki kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 hasi. Gharama yake si ya karakana zetu.

Kinachoniudhi hasa ni shangwe ya viti vya polipropilini vilivyoanikwa juani miaka. Vinasagika kama biskuti, mteja anafurahi. Hebu kwangua mgongo wa kiti hicho kwa ukucha: chaki tupu. Jua limeshakata minyororo ya molekuli. Kilichorahisisha kusaga ndicho kitakachopasua beseni litakalotengenezwa kwa chenga hizo. Kiti ambacho jua halijakiharibu kinapiga kelele mashineni, na chenga zake zina kingo nyeupe zilizovutika. Zisizo na kingo hizo, zenye vumbi jingi, nazitia gunia la peke yake na kuliandika JUA kwa maka peni, mteja anune asinune.