"Hiyo ni kazi ya polisi": dhana inayotugharimu watoto Mwanza

Wiki iliyopita, nikiwa afisa ustawi wa jamii, nilikaa tena kwenye kikao cha kamati ya maendeleo ya kata moja hapa jijini. Ajenda ilikuwa vijana wanaopora simu jioni kwenye vichochoro vya mlimani. Hatujamaliza hata dakika kumi, mjumbe akasema, "Dada wa ustawi, hilo waachie polisi, sisi twende kwenye ajenda ya barabara." Tukaenda kwenye barabara. Nimeisikia kauli hiyo kwenye kata nyingi, miaka mingi, na safari hii nimeona niijibu kwa maandishi, pamoja na nyingine zinazofanana nayo.

"Uhalifu wa vijana ni wa polisi, halmashauri haihusiki"

Inahusika, tena kwa sheria. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye ndani ya eneo lake. Hakikubagua mtoto mtiifu na mtoto msumbufu. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, awe ameshika daftari au simu aliyompora mtu.

Polisi huja kosa likishatendeka. Kabla ya hapo mtoto amepita njia ndefu, na sisi tumesimama kando tunamtazama. Kijana ninayemfikiria alianzia mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapopakua samaki. Alikuwa akiokota dagaa wanaomwagika wakati wa kupakua, akapewa kazi ya kuanika, akaonja hela. Akaanza kukosa shule siku moja moja, kisha wiki nzima. Baadaye akawa halali nyumbani. Hapo ndipo mtu mzima mmoja alipoanza kumtuma. Mwalimu wa darasa alijua, mwenyekiti wa mtaa alijua, majirani walijua. Polisi walikuwa wa mwisho kujua, halafu tukawauliza wao kwa nini kijana ameharibika.

Mpango wa kata unaweza kuyaona mambo ambayo jalada la kesi halitayaona kamwe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hupumzika, na vijana wanaotegemea mwalo hukaa siku kadhaa bila kazi wala hela ya chakula. Mimi huzitumia siku hizo kupita mwaloni, maana ndipo wanapopatikana na wana muda wa kuzungumza. Ligi ya mpira ya kata nayo ingepangwa siku hizo hizo, na isingegharimu shilingi ya ziada.

Sasa niseme la hela. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mapendekezo hutoka kwenye mitaa miezi mingi kabla. Jambo ambalo halikuandikwa kwenye mtaa, diwani ataliteteaje kwenye baraza? Kila mwaka nakuta "masuala ya watoto" yamesukumwa kwenye mengineyo, hayana kiasi, hayana mhusika. Ninachoomba mimi ni nauli. Mahakama kabla ya kuamua hatima ya mtoto inahitaji ripoti ya uchunguzi wa kijamii, na ripoti hiyo haiandikwi ofisini. Lazima afisa afike nyumbani, aongee na mzazi, afike shuleni. Nauli ikikosekana, ripoti inachelewa, kesi inaahirishwa, na mtoto anaendelea kukaa mahabusu. Zile siku za ziada alizokaa ndani hazikusababishwa na polisi wala hakimu. Zilisababishwa na sisi, siku tuliyoharakisha kwenda kwenye barabara.

Wenyeviti wa mitaa mnaosoma hapa, nawaomba sana: daftari la mahudhurio la shule liwe mbele yenu kila kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto inapokutana. Mtoto aliyekosa shule siku kumi bado anarudishika kwa kutembelewa tu.

"Mwekeni ndani siku mbili tatu, atanyooka"

Akina mama huniambia hivi huku wanalia, nami nawaelewa, wamechoka. Lakini mama, mahabusu haikuwekwa kwa ajili ya kulea. Kifungu cha 119 cha sheria hiyo hiyo kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Na usidhani shule ya maadilisho, anakoweza kupelekwa mtoto aliyetiwa hatiani, ni hapo jirani: ni Irambo, Mbeya. Ukitaka kwenda kumwona mwanao utavuka nchi.

"Sheria inawadekeza, hawashtakiwi"

Wanashtakiwa. Aliye chini ya miaka 10 hana jinai. Kuanzia 10 hadi kabla ya 12, lazima ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua anafanya kosa. Aliyefikisha 12 anajibu mashtaka kwenye Mahakama ya Watoto, kwa faragha. Watu hawamwoni pale, wanadhani ameachiwa.

"Mikopo ya asilimia kumi itamaliza tatizo"

Kwenye ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, vijana wana nne, wanawake nne, watu wenye ulemavu mbili. Ni jambo jema. Lakini wa miaka 14 hakopeshwi.

"Sungusungu wawashughulikie"

Usukumani sungusungu wana heshima yao, na wazee wetu walilala salama kwa sababu yao. Ila mtoto aliyechapwa usiku na kundi la watu wazima harudi nyumbani kuomba radhi. Anahamia mwalo mwingine, na huko hatumjui.

"Watoto wa mtaani wakusanywe, warudishwe kwao"

Kwao wapi? Wengine ninaowakuta wakilala karibu na stendi, kwao ni hapa hapa Nyamagana na Ilemela, mwendo wa daladala moja. Walikimbia kipigo, au njaa, au baba wa kambo. Ukimrudisha bila kwanza kwenda kuona nani anampokea, utamkuta amerejea stendi kabla ya wiki kuisha. Kwenda kuona kunataka nauli, na hiyo ndiyo nauli isiyokuwemo kwenye bajeti.