Mtoto wa SS hafanyi komedi siku ya mtihani

Juzi nimeletewa tena ile karatasi. Shule inaomba mimi daktari nithibitishe kwamba mwanafunzi wake mwenye SS, yaani selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, "hana sababu ya kiafya" ya kuugua kila wiki ya mitihani. Mama yake yuko mbele yangu, hajui aone haya au akasirike. Mwalimu amemwambia: "Mama, uyu mutoto anaogopa tu mtihani, anafanya komedi." Maneno hayo nimeyasikia katika mitaa ya hapa Lubumbashi, Katuba na Kenya, nimeyasikia hata kwa wauguzi ninaofanya nao kazi, waliosoma wakahitimu. Basi nayajibu hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Mwalimu ana haki katika jambo moja: mtoto anaogopa kweli. Ila kutoka hapo anaruka hadi "basi maumivu ni ya uongo", na ndipo ananichefua.

Ya msingi nayapitia mbio. Himoglobini ndiyo inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu; ya mwenye SS inaitwa himoglobini S. Ikishaachia oksijeni, molekuli zake zinashikana na kuwa nyuzi, na chembe nyekundu inakakamaa. Chembe zilizokakamaa zinaziba mshipa, na maumivu makali yanayofuata ndiyo krizi. Lakini haikakamai papo hapo. Kuna muda wa kusubiri kabla nyuzi hazijaota, na kwa kawaida chembe nyingi zinawahi kupita kwenye kapilari, ile mishipa myembamba kabisa, na kurudi mapafuni muda huo haujaisha. Ni kama zege kwenye toroli: likifika mapema linamwagika, likicheleweshwa njiani linashika humo humo. Kwa hiyo pamoja na kuuliza damu ina kasoro gani, uliza inachelewa wapi. Chembe zikikaukiwa maji, himoglobini inasongamana na ule muda unafupika sana, ndiyo maana tunawapigia kelele wanywe. Kuna pia habari ya chembe kunata kwenye kuta za mishipa, na ya nitriki oksidi, gesi inayolegeza mishipa, kumezwa na himoglobini iliyomwagika nje ya chembe. Hayo siku nyingine.

Sasa, nani anaamua damu ipite upesi au polepole? Ni neva za otonomia, zile zinazofanya kazi bila kukuomba ruhusa. Simpatiki, sehemu yake ya kushtuka, ikiamka, kemikali yake iitwayo noradrenalini inamwagwa kwenye vijishipa vya ateri navyo vinabana. Mimi nikishtuka, vidole vinapoa kidogo, halafu basi. Kwa mwenye SS mambo ni mengine. Watafiti wa Los Angeles walichapisha mwaka 2011 kwamba hata mtu kushusha pumzi ndefu kunaweza kubana mishipa ya vidole, na kwamba kwa wagonjwa hao jambo hilo hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine. Oksijeni ikipungua kwa muda mfupi tu, parasimpatiki, ambayo kazi yake ni kutuliza moyo, inajiondoa upesi kuliko inavyostahili. Yaani mfumo wenyewe umekaa tayari kubana, kwa mtu ambaye kubanwa ndiko kunakomdhuru.

Asiyeniamini aje wodini. Mtoto amelala ametulia, kidoleni ana saturometa, kile kifaa cha kupima oksijeni na mapigo, kwenye skrini mawimbi ya mapigo yanapanda na kushuka vizuri. Muuguzi anaingia na trei. Sindano bado iko kwenye karatasi yake, hakuna aliyemgusa mtoto, na tayari mawimbi yamesinyaa. Namba ya oksijeni haijasogea: 94 ilikuwa, 94 imebaki. Kilichopungua ni damu inayofika kidoleni. Hiyo komedi inaigizwa na nani? Hakuna mtoto anayejua kubana ateri zake kwa makusudi. (Angalizo kwa wenzangu: saturometa nyingi ndogo zinakuza mawimbi zenyewe ili yaonekane mazuri. Ukitumia za namna hiyo huoni kitu, halafu unasema daktari anatunga.)

Cha ajabu, hao hao wanaoikataa hofu wanaikubali baridi bila ubishi. "Docta, baridi imeingia mu damu." Haijaingia. Damu ya mtoto huyo ina nyuzi joto 37 mwezi wa sita kama mwezi wa kumi. Kilichopoa ni ngozi. Ngozi inapeleka habari kwenye ubongo, ubongo unaamsha simpatiki, simpatiki inabana mishipa. Ni neva zile zile za hofu! Ukiamini baridi inaleta krizi, huna haki ya kukataa kwamba mtihani unaweza kuileta.

Na kwa sababu njia ni ya ngozi, kinachodhuru si kile watu wanachokihofia. Hapa Lubumbashi tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zinauma. Mtoto anatolewa uani alfajiri, anamwagiwa maji ya bomba, anasimama amelowa akisubiri taulo iliyo kwa dada yake. Dakika hizo chache ndizo mbaya. Kisha mchana, jua likiwaka, anavalishwa koti juu ya sweta juu ya sweta, anatoka jasho na kupoteza maji. Pasha maji moto, mkaushe upesi, mvishe inavyotosha. Na mbabula, jiko la makaa, isiingizwe katika chumba kilichofungwa: moshi wa makaa unaua, SS au si SS.

Sasa nikiri palipo pagumu. Tunachopima ni kidole, lakini krizi nyingi zinaumia mfupani, na kidole si uboho. Pia maumivu yanaweza kuwa yameanza chini chini tangu jana yake, na wasiwasi wa mtoto ukawa dalili badala ya chanzo. Na kwetu baridi na kikohozi vinagombania msimu mmoja na mitihani ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo kuvitenganisha ni kazi. Hata baridi yenyewe: Jamaica waliihusisha na krizi, tafiti za kwingine hazikuona kitu. Kumtuliza mtoto kunaongeza damu kidoleni, lakini bado si dawa ya kuzuia krizi. Hidroksiyurea ndiyo dawa, na watoto wa Kinshasa walikuwa ndani ya utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ambapo krizi, malaria na vifo vilipungua.

Karatasi ya shule nimeirudisha, ila sikujibu walichouliza. Nimeandika hivi: akae mbali na dirisha, avae sweta hata kama si rangi ya yunifomu, chupa ya maji iwe mezani. Aruhusiwe kwenda chooni kila anapoomba, hata katikati ya mtihani, kwa kuwa figo za SS haziwezi kukoleza mkojo, maji yanatoka mengi, na anayenyimwa choo anajifunza kutokunywa. Akisema anaumwa, apewe parasetamoli na maji, apigiwe mzazi. Akiwa na homa ya 38.5, au kifua kinamuuma, au anahema kwa shida, au mkono umelegea ghafla, aletwe hospitali saa hiyo hiyo. Mtihani atarudia.