Jino lililoacha kuuma halijapona: maswali na majibu tangu enzi za wakulima wa kwanza

Kila wiki kwenye kiti changu anakaa mtu mwenye shavu lililovimba na maelezo yaleyale: jino liliuma siku nyingi, likaacha, akamshukuru Mungu, akaendelea na shughuli zake. Ganzi ikishaanza kukolea wengi huniuliza: "Daktari, wazee wa kale waliishije bila mswaki?" Leo nayajibu maswali yao yote pamoja.

Jino kuoza ni nini hasa?

Ni jino kuyeyushwa na asidi. Bakteria wanaoishi kwenye ukoga, ule utando unaonata juu ya meno, hula sukari na wanga tunaokula sisi, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo hulainisha gamba gumu la jino hadi litoboke. Hakuna mdudu anayechimba. Anayekufukiza moshi mdomoni kisha akakuonyesha kijidudu kiganjani, anakudanganya.

Waliokuwa wakiwinda, meno yao hayakuoza?

Yalioza, lakini mara chache. Fuvu lililopatikana Kabwe, Zambia, mwaka 1921 lina umri wa takriban miaka 300,000, na meno yake 10 ya juu yameoza. Ukilitazama taya unaona mpaka njia za usaha. Hali kama hiyo haikuwa ya kawaida. Watafiti waliohesabu meno ya jamii nyingi walikuta kwamba kwa wawindaji na waokota matunda meno yaliyooza yalikuwa kama 2 katika kila 100. Kwa wakulima yalikaribia 9.

Kilimo kilibadilisha nini?

Miaka 11,000 hivi iliyopita watu wa Mashariki ya Kati walianza kupanda ngano na shayiri. Wengine walifikia kilimo kwa njia yao: China kwa mpunga, Mexico kwa mahindi. Mwindaji alikula kilichopatikana msimu ule, nyama, mizizi, matunda, njugu, na kingi kilitaka kutafunwa kwelikweli. Mkulima alikula nafaka moja asubuhi na jioni, iliyosagwa na kupikwa ikalainika. Wanga uliopikwa hunata kwenye mianya ya meno, na mate huanza kuugeuza sukari humohumo mdomoni. Bakteria walipata karamu isiyokwisha.

Mwili mzima ulilipa. Huko Abu Hureyra, Syria, mifupa ya wanawake ina vidole gumba vya miguu vilivyoharibika, magoti na migongo iliyochakaa, kwa sababu ya kupiga magoti saa nyingi wakisaga nafaka juu ya jiwe. Unga wenyewe ulikuwa na chenga za mawe, ukayasaga na meno ya walaji. Chakula cha ghalani kiliwawezesha watu kukaa mahali pamoja, kina mama wakazaa kwa kufuatana zaidi na vijiji vikajaa. Hata hivyo, katika jamii nyingi za wakulima wa mwanzo meno ya watoto yana mistari kwenye gamba, alama ya njaa au ugonjwa uliosimamisha ukuaji.

Kwa hiyo tuache ugali?

Hapana. Kosa si la jembe. Kwenye pango la Taforalt, Morocco, waliishi watu miaka zaidi ya 13,000 iliyopita, kabla ya kilimo, wakila sana njugu za mwaloni zenye wanga, na zaidi ya nusu ya meno yao yaliyobaki yameoza. Hata kwa Wahadzabe wetu, wawindaji wa Ziwa Eyasi, wanaume wa porini wanaokula asali kwa wingi wana meno mabovu.

Ugali kwenye mlo hauna shida. Shida ni kinywa kisichopumzika: chai ya sukari saa mbili, andazi saa nne, soda saa sita, biskuti saa tisa, na mtoto analala na chupa ya maziwa yenye sukari. Kila ukionja, asidi inaanza upya. Kula kwa milo, kunywa maji katikati, piga mswaki mara mbili kwa dawa ya meno yenye floraidi, na mara moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala.

Jino liliniuma sana, sasa limeacha lenyewe. Bado nije?

Njoo. Maumivu yamekoma kwa sababu kiini cha jino, chenye mishipa ya fahamu, kimekufa. Bakteria hawajafa. Sasa wanashuka kwenye mzizi na kuingia mfupani. Wachimbaji wa mambo ya kale hukuta taya za wakulima wa kwanza zikiwa na tundu la mviringo kwenye ncha ya mzizi, pale usaha ulipotafuna mfupa ili utoke. Tundu hilohilo naliona kwenye picha za eksirei za wagonjwa wangu.

Lakini haliumi kabisa, hata nikitafunia.

Nimesema njoo. Jino lililotoboka, likauma, kisha likanyamaza, halijapona. Halijapona hata kama umekaa mwaka bila maumivu.

Nilikunywa kapsuli za rangi mbili, uvimbe ukapungua.

Ulipungua, haukuondoka. Dawa haiwezi kusafisha jino lililokufa. Chanzo kikibaki, uvimbe utarudi. Na tafadhali, ugoro, maji ya betri na aspirini iliyosagwa visiwekwe kwenye jino. Nimefungua midomo nikakuta fizi zimeungua nyeupe, na jino lile bado lipo.

Watu wa kale si walivumilia tu?

Si wote. Mehrgarh, Pakistan, kijiji cha wakulima wa kati ya miaka 9,000 na 7,500 iliyopita, makaburini wamekutwa watu 9 wenye magego 11 yaliyotobolewa kwa keekee yenye ncha ya gumegume, jiwe gumu lenye makali. Baadhi yalikuwa yameoza. Kingo za matundu zimelainika, kwa hiyo waliendelea kuyatafunia baada ya kutobolewa. Bila ganzi, mama yangu! Wewe unayo ganzi, na jino likiwahiwa linazibwa tu, halihitaji kung'olewa.

Dalili zipi hazisubiri asubuhi?

Uvimbe chini ya kidevu au unaoshuka shingoni, mdomo usiofunguka, mate yasiyomezeka, sauti iliyobadilika, homa, pumzi nzito. Usaha unaweza kuziba njia ya hewa. Nenda hospitali yenye wodi usiku huohuo, kwa bodaboda kama hakuna gari, na ukifika mapokezi sema kwanza kwamba unashindwa kumeza.