Kumtembelea mtoto mapema hakuharakishi kuasili

Wengi huamini kwamba anayetaka kuasili mtoto wa nchi nyingine apande ndege mapema, aende kwenye makao ya watoto, azoeane na walezi, na mambo yatakwenda haraka. Sivyo. Ibara ya 29 ya Mkataba wa Hague wa 1993, mkataba wa kimataifa kuhusu kuasili watoto wa nchi nyingine, ambao Kenya ilijiunga nao 2007, inakataza waombaji kukutana na wazazi au walezi wa mtoto hadi ithibitike kwamba mtoto anaweza kuasiliwa, kwamba malezi ndani ya nchi yake yamefikiriwa kwanza, kwamba ridhaa haikununuliwa, na kwamba waombaji wanafaa. Isipokuwa wakiwa ndugu wa familia, au mamlaka ya nchi ya mtoto ikiwa imeweka masharti ya kukutana.

Uzito uko kwenye ridhaa. Mama mwenye dhiki, akiketishwa mbele ya wageni waliobeba zawadi, anaweza kukubali asilolitaka, na hilo linaumiza hata likifanywa kwa upendo.

Ziara ina wakati wake, tena ni muhimu sana: mamlaka ikishamteua mtoto kwa familia. Hapo nenda, kaa naye, jua anavyolala na anachokula, msikilize anayemlea.