Kuhara si dalili ya kuota meno

"Aa, ni meno tu hayo." Mtoto anaharisha, mwili unachemka, na jibu ni hilo. Kuota meno humfanya mtoto atokwe na udenda, alielie, atafunetafune kila kitu. Joto likipanda, hupanda kidogo tu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi ina chanzo kingine. Kinachotuchanganya ni umri: meno huanza karibu na miezi 6, wakati kinga aliyopewa na mama tumboni imepungua, naye ndiyo kwanza amejua kushika vitu na kuvitia mdomoni. Vijidudu hupitia hapo. Anayeharisha apewe ORS (unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji) na anyonyeshwe zaidi. Macho yakiingia ndani au akilegea, mkimbize kituo cha afya. Na ufizi usichanjwe, tafadhali.