Senta kwenye kipaza sauti: Bill Walton na kazi ya uchambuzi

Redio zetu zikitaka mchambuzi wa mpira wa kikapu hutafuta mchezaji mstaafu, na aghlabu huangukia kwa senta, yule mrefu anayecheza karibu na ringi, kwa kuwa ndiye anayeonekana barabarani. Sababu hafifu, lakini uteuzi si mbaya. Senta akiwa kwenye ulinzi husimama karibu na ringi, uso kaelekeza kiwanja kizima, wenzake wanne wako mbele yake. Skrini inayokuja, yaani mpinzani anayesimama kuziba njia ya mlinzi, yeye huiona kabla gadi (mchezaji wa nje anayeongoza mpira) aliyempa mgongo hajaihisi. Ndiyo maana makocha humtaka apige kelele mchezo mzima: "Skrini kulia! Pita chini! Nipo nyuma yako!" Mchambuzi hufanya kazi hiyo hiyo, ila anayeambiwa ni mtu wa Bububu anayesikiliza huku akikaanga samaki. Macho senta anayo tayari. Kinachobaki kumfunza ni mdomo na saa, yaani lini aseme na lini anyamaze.

Kwa upande wa mdomo, sijaona mfano unaompita Bill Walton, Mmarekani aliyefariki Mei 2024. Alizaliwa California mwaka 1952, akakua kufikia mita 2.11. Akiwa chuo cha UCLA chini ya kocha John Wooden alichukua ubingwa wa vyuo mwaka 1972 na 1973, na katika fainali ya 1973 dhidi ya Memphis State alirusha mara 22, zikaingia 21, akaondoka na pointi 44. Portland Trail Blazers walimchagua wa kwanza kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya Marekani, mwaka 1974. Msimu wa 1976–77 aliongoza NBA kwa ribaundi (kudaka mpira uliokosa kuingia) na kwa bloku (kuzuia mpira unaporushwa), timu ikawa bingwa, na mwaka uliofuata akatajwa mchezaji bora wa ligi. Kisha nyayo zikamwangusha. Mifupa ilivunjika mara kwa mara, misimu ikapita hajakanyaga uwanja. Alipata ahueni Boston Celtics msimu wa 1985–86: michezo 80, akitokea benchi, ubingwa wa pili na tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Jumla yake ni michezo 468 ya msimu wa kawaida, yaani haitimii hata misimu sita kwa hesabu ya michezo 82.

Mtu huyu alikuwa na kigugumizi. Si haya tu ya kuzungumza mbele za watu. Alikuwa hawezi kutoa sentensi. Alipokuwa na miaka 28 alikutana na Marty Glickman, mtangazaji wa New York ambaye zamani alikuwa mkimbiaji, yule aliyeondolewa kwenye timu ya Marekani ya kupokezana vijiti katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 kwa sababu ya Uyahudi wake. Glickman hakumpa dawa yoyote. Alimwambia apunguze kasi, atafune chingamu isiyo na sukari ili misuli ya taya ipate nguvu, na asome kwa sauti. Walton akaichukua kama alivyochukua mazoezi ya Wooden: kurudia, kurudia, kurudia. Mwaka 1991 alikuwa na Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mkononi, na baadaye ilikuwa kazi kumnyamazisha.

Kusoma kwa sauti nakusisitiza hata kwa asiye na kigugumizi. Chukua ukurasa wa michezo wa Zanzibar Leo, soma dakika 10 kila siku umesimama, ujirikodi kwa simu. Utasikia wapi unameza herufi na wapi pumzi inakatika. Vitenzi vyetu virefu ndivyo vinavyowaangusha wengi. Ukijaribu "aliponyang'anywa" wakati mpira ushafika upande wa pili, umeshachelewa. Sema "kapokonywa", au "kapoteza", uendelee.

Sasa saa, na hapa ndipo wastaafu wengi huharibu. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ambazo ndizo tunazochezea, timu ina sekunde 24 za kurusha na sekunde 8 za kuvuka mstari wa kati. Mpira ukiwa hai ni mali ya mtangazaji mkuu. Mchambuzi anaingia kikapu kikishafungwa na anatoka kabla mpira haujavuka mstari wa kati. Weka hesabu ya maneno 15 hivi, basi. Kwenye mitupo huru unapata nafasi zaidi, kwa sababu mrushaji ana hadi sekunde 5 kwa kila mtupo, na kuna kukusanyika na mwamuzi kutoa mpira. Mapumziko ya kocha ni dakika 1. Hapo ndipo pa kueleza jambo lenye sehemu mbili.

Sikiliza tafauti. "Kwa kweli mchezaji huyu ameonesha uwezo mkubwa sana leo" ni sekunde nne zilizotupwa, msikilizaji hajapata kitu. "Senta alimweka mlinzi mgongoni kabla mpira haujarushwa, ribaundi ilikuwa yake tangu hapo" inazidi kidogo tu kwa muda na inafundisha.

Ili uweze kusema hivyo ni lazima uache kuutazama mpira. Ni tabu, macho yanavutwa. Mpira una mtangazaji mkuu wake. Wewe tazama miguu ya anayeweka skrini. Ikiwa imetulia yote miwili chini wakati wa kugusana, skrini ni halali. Ikiwa inateleza, ni faulo, na uwe ushajua kabla filimbi haijalia. Mpira ukirushwa kutoka kona, geuza macho upande wa pili wa ringi, maana ukikosa ndiko unakoangukia mara nyingi. Na ribaundi ikipatikana, tazama pasi ya kwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa kubwa ya Walton: alidaka akiwa hewani, akageuza kiwiliwili, mpira ukawa ushamtoka kumwendea gadi wakati nyayo zinagusa sakafu. Kikapu cha mbio kilichofungwa sekunde tatu baadaye kiliandikwa jina la mwengine. Mchambuzi anayelijua hilo humtaja aliyekianzisha.

Kanuni nazo. Watazamaji wetu wengi wanakesha na NBA, michezo inayoanza saa nane au tisa usiku kwetu, kisha jioni wanakuja uwanjani na kanuni za Marekani kichwani. Mpira ukishagusa ringi, chini ya FIBA mlinzi anaruhusiwa kuupiga hata ukiwa unacheza juu yake, NBA hairuhusu. Mlinzi kukaa zaidi ya sekunde 3 ndani ya eneo la rangi, lile la mbele ya ringi, bila kumkaba mtu ni kosa NBA, kwetu si kosa. Faulo za kumtoa mtu ni 5, si 6. Kelele zikipanda jukwaani kwa mojawapo ya haya, mchambuzi alifafanue papo hapo, asijiunge na kelele. Jengine linalozua ugomvi ni bloku. Mwenzetu Hasheem Thabeet, mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009 baada ya kujenga jina lake kwa bloku akiwa chuo cha Connecticut, na kila senta wa aina hiyo huishi kwa kanuni moja: aruke wima, mikono juu, na hewa iliyo juu yake ni yake. Mikono ikiinama mbele tu, kugusana kunakuwa faulo yake. Mwambie msikilizaji mikono ilikuwa wapi.

Vifaa, kwa ufupi. Mtu mrefu akitangazia maiki ya mezani huinama na kuinuka, sauti ikaja na kupotea. Mpe hedifoni yenye maiki, ikae vidole viwili kutoka pembeni mwa mdomo, si mbele yake. Sauti nene ikikaribia sana maiki huvuma, kwa hiyo fundi akate masafa ya chini ya hezi 80 hadi 100 kwenye miksa. Viwanja vya nje vina upepo wa bahari, usiende bila sponji ya kufunika maiki.

Walton wa miaka ya mwisho, baada ya mgongo kumlaza na yeye kurudi kazini mwaka 2012 kwenye michezo ya vyuo vya magharibi, alikuwa anaweza kuacha mchezo na kuzungumzia milima ya volkano huku mtu anavunja mbio kwenda kufunga. Kwenye televisheni mtazamaji anajionea mwenyewe, wengi walimpenda kwa hayo na mimi nimo. Redioni usithubutu. Aliyefungua redio sasa hivi hajui nani anaongoza, wala robo ya ngapi, na mtangazaji mkuu hawezi kumwambia ikiwa hewa umeishika wewe.