Mstari mwekundu wa kipimo cha malaria ulianzia wapi

Mama amekaa kwenye benchi la zahanati, mtoto mapajani anachemka. Mhudumu anamchoma mtoto kidoleni, anadondosha damu kwenye kitundu cha MRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria, anaongeza matone ya bafa (kimiminika kinachosukuma damu kwenye ukanda), kisha anatazama saa. Ukitokea mstari mmoja tu penye herufi C, unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, malaria haikuonekana. Ikitokea miwili, ipo. Mstari wa pili ukiwa hafifu kama uzi wa buibui, huo pia ni mstari, na mtoto anastahili dawa. Sisi wa maabara tunalirudia hili kila tunapotembelea vituo, maana bado wapo wanaorudishwa nyumbani eti mstari haujakolea.

Kinachochora mstari huo wa pili ni kingamwili, protini ambayo kinga ya mwili hutengeneza ili kunasa kitu kigeni. Imelazwa kwenye ukanda ule ili inase protini moja tu ya kimelea cha malaria, iitwayo HRP2, na kuacha kila kitu kingine kilichomo kwenye damu kipite. Kupata kingamwili yenye shabaha moja, tena ileile leo na miaka kumi ijayo, ni matunda ya kazi ya mwanasayansi César Milstein.

Milstein alizaliwa mwaka 1927 Bahía Blanca, Argentina. Baada ya kusoma Cambridge, Uingereza, alirudi kwao kuongoza kitengo cha baiolojia ya molekuli. Yakaja mapinduzi ya kijeshi ya 1962, wenzake wakafukuzwa kazi, naye akajiuzulu na kurudi Cambridge. Hakuwa akitafuta kipimo wala dawa. Swali lake lilikuwa hili: mwili wenye jeni za kuhesabika unawezaje kutengeneza kingamwili za aina zisizohesabika?

Kila seli B, yaani seli ya kinga inayotengeneza kingamwili, hutoa kingamwili ya aina moja, lakini ukiitoa seli hiyo mwilini hufa baada ya siku chache. Seli za saratani ya uboho huzaana maabara bila kukoma, ila kingamwili zake hujui zinalenga nini. Mwaka 1974 Georges Köhler, Mjerumani ambaye hata miaka 30 hakuwa ametimiza, alijiunga na Milstein. Walimchanja panya kwa chembe nyekundu za damu ya kondoo, wakachukua seli za wengu wake na kuziunganisha na seli za saratani kwa kutumia virusi vya Sendai vilivyouawa. Zote wakazitia kwenye kimiminika ambamo seli za saratani zisizoungana haziwezi kuishi. Za wengu zisizoungana zilikufa zenyewe. Zilizobaki zilikuwa machotara, zenye uhai mrefu wa mzazi mmoja na ujuzi wa mwingine. Köhler alizijaribu juu ya tabaka la chembe nyekundu za kondoo: palipokuwa na seli yenye kingamwili sahihi, chembe zilipasuka, kikabaki kiduara kisicho na rangi. Viduara vilijaa kwenye sahani.

Walichapisha matokeo Agosti 1975. Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, hawakuchukua, na kwa maoni yangu hilo liliharakisha mno kuenea kwa mbinu yao. Tuzo ya Nobel waliipata 1984, pamoja na Niels Jerne, mtaalamu wa kinga ya mwili.

Leo kipimo cha mimba cha mkojo, dawa za kupimia kundi la damu na mashine za CD4, zinazohesabu seli za kinga kwa wenye VVU, hutegemea kingamwili za namna hiyo. Trastuzumab, dawa ya baadhi ya saratani za matiti, ni ya ukoo huohuo. Na mwaka 2018 watafiti walitangaza kingamwili kali dhidi ya malaria walizozipata kwenye damu ya Watanzania waliojitolea katika majaribio ya chanjo Bagamoyo.

Turudi kwa yule mama. Mtoto akimaliza dozi na kupona, asishangae kipimo kikionyesha tena mistari miwili wiki mbili baadaye. HRP2 huchelewa kuisha kwenye damu hata vimelea vikiwa vimekufa. Kama homa imerudi, aombe damu itazamwe kwa hadubini. Vilevile, vipo vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, hasa vilivyoonekana Eritrea na Ethiopia, na mbele yao kingamwili ile haina cha kunasa. Kwa hiyo kipimo kikisema hakuna malaria na mtoto bado anachemka, arudishwe kituoni siku hiyohiyo.